Mazoezi ya Nguvu Nyumbani kwa Mipira ya Kuvuta

Mpira wa mazoezi hauna uzito maalumu. Chuma cha kilo 10 ni kilo 10 kikiwa sakafuni, kifuani au juu ya kichwa. Mpira huanza ukiwa laini na huzidi kukaza kadiri unavyovutwa. Hapo ndipo yanapoanzia karibu maswali yote ya wanaofanyia mazoezi nyumbani: kwa nini mpira uliowatoa jasho wiki ya kwanza unakuwa mwepesi ghafla wiki ya tatu, kwa nini mikono inachoka na miguu haisikii kitu, na kama kweli mpira unajenga misuli kama chuma.

Swali la mwisho lina jibu fupi: unajenga. Msuli haujui kama unachopambana nacho ni chuma au mpira. Unaitikia kazi ngumu inayorudiwa hadi karibu na kuchoka, kisha mapumziko na chakula. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya tafiti zilizolinganisha mipira na vyuma au mashine ulikuta ongezeko la nguvu likikaribiana. Mipaka ipo, hata hivyo. Anayetaka kushindana kunyanyua kilo 150 atavihitaji vyuma, maana nguvu ya kiwango hicho huzoezwa kwa mzigo wenyewe. Anayetaka kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kuhema, kubeba ndoo mbili za maji bila mgongo kulalamika, na kuwa na mabega yenye umbo, mpira unamtosha.

Kutembea peke yake hakuchukui nafasi ya mazoezi haya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza watu wazima wakaze misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki, mbali na dakika za kutembea au kukimbia.

## Aina za mipira na ipi inunuliwe

- Kitanzi kirefu. Ni mviringo usio na kiungo, wenye urefu wa takriban sentimita 104 ukilazwa. Upana huanzia kama sentimita 1.3 na kuendelea hadi zaidi ya sentimita 6. Kadiri unavyokuwa mpana ndivyo unavyokuwa mgumu. Huu ndio wa kununua kwanza, kwa sababu unafanya kazi za mwili mzima.
- Kitanzi kifupi. Huvaliwa juu ya magoti kwa mazoezi ya nyonga na makalio. Ni rahisi kwa bei, na wengi hununua seti ya vitano wakidhani wamemaliza. Hakifundishi mgongo wala kifua.
- Mrija wenye vishikio. Unashikika vizuri mkononi. Udhaifu wake uko pale mrija unapoingia kwenye ndoano au kishikio. Hapo ndipo pa kukaguliwa kila siku.
- Utepe bapa. Ni mwembamba, hukatwa kwenye robota, na hutumika sana kwenye vyumba vya fiziotherapia. Unawafaa wazee na wanaotoka kwenye majeraha.

Kwa mtu mzima mwenye afya, vitanzi virefu vitatu vinatosha: chembamba kwa mabega, cha kati kwa mgongo na kifua, kipana kwa miguu. Vilivyotengenezwa kwa tabaka nyingi nyembamba hudumu kuliko vilivyomiminwa kipande kimoja, na vinapochoka huanza kubanduka pembeni kabla ya kukatika, jambo linalompa mtumiaji onyo.

Rangi si kipimo. Kwa utepe wa Thera-Band, wa njano ukivutwa hadi mara mbili ya urefu wake hutoa mvuto wa kilo 1.3 hivi, na mweusi kilo 3.3. Kampuni nyingine hupaka njano mpira mgumu zaidi ya huo mweusi. Ushauri wa jirani wa "anza na mwekundu" hauna maana mpaka ijulikane ni mwekundu wa nani.

### Tyubu ya baiskeli je?

Inafaa kwa kuanzia, kwa masharti. Ile mikanda ya kufungia mizigo inayouzwa kwa mafundi baiskeli imekatwa kwa mkasi, na kila mkato kwenye ukingo ni mahali pa kuchanikia. Afadhali tyubu nzima isiyopasuliwa: sehemu yenye vali hukatwa, yenye kiraka haitumiki, na unga wa ndani huoshwa. Tyubu ya baiskeli ya inchi 28 ni ndefu vya kutosha kukanyagwa katikati na kushikwa ncha zote mbili. Haivutiki sana kama mpira wa mazoezi, kwa hiyo inafaa zaidi kwa mazoezi ya kuvuta kutoka chini. Kuivuta kuelekea usoni ni kujitafutia balaa.

## Mahali pa kufungia

Mazoezi mengi hayahitaji kufunga popote. Mpira hukanyagwa tu. Yanayohitaji egemeo ndiyo yenye ajali, na ajali mbaya zaidi ni ya jicho.

Nondo za dirisha ndizo egemeo bora katika nyumba nyingi, lakini zikaguliwe. Grili iliyojengewa ukutani inafaa. Iliyokazwa kwa skrubu kwenye fremu ya mbao haifai. Mkono upitishwe taratibu juu ya nondo: mabaki ya kuchomelea hubaki kama vipele vikali, navyo hukata mpira kidogo kidogo upande usioonekana. Kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara nne kati ya nondo na mpira kinamaliza tatizo.

Mlango una kanuni zake:

- Anayevuta asimame upande ambao kuvuta kunaufunga mlango. Mlango unaofunguka kuelekea kwake utamfuata.
- Ufungwe kwa ufunguo, na wa nyumbani waambiwe. Mtoto akiufungua katikati ya zoezi, mpira unafyatuka.
- Mkanda wa mlangoni ukae upande wa bawaba, palipo imara zaidi.
- Milango ya vioo, ya kutelezesha na ya mbao nyembamba zenye uwazi ndani haitumiki kabisa.

Nguzo ya baraza inafaa ikiwa haina kona kali. Visivyofaa, ingawa hutumika kila siku, ni kiti cha plastiki, mguu wa meza, mtungi wa gesi na pikipiki iliyoegeshwa.

## Kuupima mvuto

Sehemu hii hurukwa na wengi, na ndiyo sababu ya wengi kukwama. Kwa kuwa ugumu wa mpira hutegemea urefu uliovutwa, mtu akisimama hatua nusu karibu zaidi na dirisha kuliko juzi, amepunguza mzigo bila kujua. Atafanya marudio 15 badala ya 12, atafurahi, na misuli haitakuwa imepata kitu kipya.

Dawa yake ni kuanzia palepale kila mara. Kwenye sakafu ya vigae, vigae huhesabiwa kutoka ukutani: visigino kwenye mstari wa kigae cha nne, basi. Kwenye sakafu ya saruji, chaki inatosha. Katika mazoezi ya kukanyaga, kipimo ni upana wa nyayo, kwani miguu ikiachana zaidi mpira unafupika na kukaza.

Mambo mengine mawili ya kushika:

- Mpira uwe umekaza kabla zoezi halijaanza. Ukilegea mwanzoni, nusu ya mwendo inafanywa bure.
- Usivutwe kupita mara mbili na nusu ya urefu wake. Kitanzi cha mita moja hakipaswi kupita mita mbili na nusu hata kwa mtu mwenye nguvu. Anayeona ni mwepesi hata hapo anahitaji kitanzi kipana zaidi.

Anayetaka namba kamili anaweza kutumia mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki au mabegi ya safari. Ndoano hushika mpira, mpira huvutwa hadi mahali mkono unapoishia katika zoezi, namba inasomwa. Kwenye daftari inaandikwa: kijani, kigae cha nne, kilo 14. Kipimo hiki si cha lazima, ila kinamaliza ubishi wa rangi, na baada ya miezi kadhaa kinaonyesha kama mpira wenyewe umeanza kulegea.

## Mazoezi yenyewe

1. Kuchuchumaa. Kitanzi hukanyagwa kwa miguu yote miwili, sehemu ya juu ikapita mbele ya mabega na kushikwa na mikono iliyopishana kifuani. Nyonga hurudi nyuma na chini, magoti yakifuata uelekeo wa vidole vya miguu. Hapa mpira una kasoro ya wazi: chini kabisa, ambako paja linahitaji kazi, ndiko unakolegea. Tiba ni kutulia chini kwa sekunde mbili, na baadaye kuhamia kwenye mguu mmoja: mguu wa mbele umekanyaga kitanzi, wa nyuma umeegemea vidole, goti la nyuma linashuka karibu kugusa sakafu. Anayesema miguu yake haisikii kitu hajajaribu mguu mmoja.

2. Kuinama kwa nyonga. Mpira umekanyagwa, mikono imeshika pande zake mbili. Makalio yanasukumwa nyuma, magoti yanakunjwa kidogo tu, kiwiliwili kinainama kikiwa kimenyooka, kisha mtu anasimama kwa kukaza makalio. Mgongo uliopinda ndilo kosa la kawaida, na ufagio wa kusimama hulifichua: mpini huwekwa mgongoni ukigusa kisogo, mgongo wa juu na mfupa ulio juu ya makalio. Ukiachana na sehemu mojawapo wakati wa kuinama, mgongo umepinda. Zoezi lifanywe na mpini bila mpira mpaka sehemu zote tatu zibaki zimegusa.

3. Kuvuta kuelekea mbavuni. Mpira umefungwa usawa wa kitovu au umezungushwa nyayoni mtu akiwa amekaa amenyoosha miguu. Viwiko vinapita karibu na mbavu, mabega yakibaki chini. Yakipanda kuelekea masikioni, kazi inahamia shingoni na kesho yake mtu anaamka na shingo ngumu.

4. Pushapu. Anayeweza kupiga 15 safi hupitisha mpira mgongoni chini ya makwapa na kuzibana ncha zake chini ya viganja. Asiyeweza huanza kwa kusukuma ukuta, kisha meza nzito isiyosogea, kisha sakafu, mpira utasubiri.

5. Kusukuma juu. Kitanzi chembamba kinakanyagwa kwa mguu mmoja, mkono wa upande huohuo unasukuma kutoka begani kwenda juu. Mbavu zisichomoze mbele. Mwenye maumivu ya bega asukume mbele na juu kwa mshazari.

6. Kuvuta kutoka juu. Mpira hupitishwa kwenye nondo ya juu, mtu hupiga magoti na kuvuta viwiko kuelekea mfukoni. Kwa kuwa mpira uko juu ya uso, ukaguzi kabla ya zoezi hili hauna mbadala.

7. Kuutanua mpira. Kitanzi chembamba kabisa hushikwa mbele ya kifua, mikono ikiwa imenyooka, kikatanuliwa mpaka kiguse kifua. Linawasaidia hasa madereva, mafundi cherehani na wanaoinamia kompyuta.

8. Kuzuia kugeuka. Mtu husimama ubavu ukielekea egemeo, mikono miwili kifuani ikiwa imeshika mpira, akaisukuma mbele na kuishikilia kwa sekunde tatu bila kuruhusu kiwiliwili kigeuke. Kwa tumbo na kiuno, hili lina faida kuliko mamia ya kukunja tumbo.

## Marudio, seti na siku

Siku mbili au tatu kwa wiki, zisizofuatana: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, au namna nyingine yoyote inayoacha siku katikati. Kila zoezi lipate seti mbili hadi tatu za marudio 10 hadi 20, pumziko la dakika moja na nusu hadi mbili kati ya seti. Kipindi kizima huchukua dakika 40 hivi. Mwenye dakika 20 achague namba 1, 3, 4 na 2, kwa mpangilio huo.

Seti ikome pale yanapobaki marudio mawili au matatu ambayo mtu angeweza kuyafanya kwa shida. Dalili yake inaonekana: mwendo unapungua kasi wenyewe ingawa mtu anajitahidi kuvuta kwa kasi ileile. Anayemaliza marudio 15 akiwa bado anaongea na simu amenyoosha viungo tu.

Kurudi kuna thamani sawa na kwenda. Mpira unapenda kurudi kwa kishindo, na wengi wanauachia. Ukirudishwa kwa sekunde mbili hadi tatu, misuli hufanya kazi pande zote mbili.

Kupasha mwili moto ni dakika tano: kutembea papo hapo, kuzungusha mabega, kuchuchumaa bila mpira, na seti moja nyepesi ya zoezi la kwanza. Katika mwezi wa Ramadhani, wanaofunga hupata nafuu wakifanya saa moja au mbili baada ya futari nyepesi, na seti zikipunguzwa ziwe mbili.

## Kuongeza ugumu kwa mpangilio

Kosa la wenye haraka ni kubadilisha mpira na umbali kwa siku moja. Mpangilio unaofuatika ni huu:

1. Marudio yaongezwe mpaka 20 safi katika seti zote.
2. Mahali pa kusimama pasogezwe mbali na egemeo kwa nusu kigae, marudio yarudi 12.
3. Kituo cha sekunde mbili kiongezwe pale penye ugumu.
4. Mkono mmoja au mguu mmoja badala ya miwili.
5. Hapo ndipo kitanzi kipana zaidi, au vitanzi viwili pamoja.

Daftari ni la lazima. Kichwa hakikumbuki kwamba wiki tatu zilizopita ilikuwa 13, 11 na 10.

## Mashaka yanayojirudia

Mwanamke atakuwa na misuli ya kiume? Hapana. Misuli mikubwa hutaka miaka ya mazoezi mazito, chakula kingi na homoni ambazo wanawake wengi wana kiasi kidogo chake. Kinachoonekana ni mikono na mapaja yaliyokaza.

Tumbo litaisha? Mafuta hayachomwi mahali palipozoezwa. Tumbo hupungua mwili mzima unapopungua, na huko chakula kina neno kubwa kuliko mpira.

Mzee wa miaka 70 anaweza? Anaweza, tena ndiye mwenye haja zaidi, kwa kuwa misuli hupungua na umri na kuanguka kunavunja nyonga. Aanze na kiti kizito kilichogusana na ukuta: kukaa na kusimama mara 8 hadi 10 bila kushika kitu. Yakishakuwa rahisi, utepe mwembamba uongezwe kwa kuvuta mbavuni akiwa amekaa.

Unga wa protini unahitajika? Maharage, choroko, mayai, dagaa, samaki na maziwa vinatosha vikiliwa katika kila mlo badala ya kurundikwa usiku. Sahani yenye mlima wa ugali na vijiko viwili vya mboga haitoshi.

## Tahadhari za afya

- Pumzi isizuiwe. Kutoa pumzi wakati wa kuvuta, kuingiza wakati wa kurudisha. Kuzuia pumzi hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla.
- Mwenye shinikizo la 180/110 au zaidi apitie kwa daktari kabla ya kugusa mpira.
- Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari sana wapime kabla na baada, na wawe na kitu kitamu karibu. Ambao macho yao yameathiriwa na kisukari wasifanye mazoezi ya kujikamua bila ruhusa ya daktari.
- Waliojifungua kwa upasuaji wasubiri ruhusa ya kliniki.
- Kuwashwa, vipele au uvimbe baada ya kushika mpira ni dalili ya mzio wa utomvu wa mpira wa asili. Hununuliwa aina isiyo na utomvu huo.

Maumivu ya misuli siku ya pili na ya tatu ni ya kawaida kwa anayeanza, na hupungua baada ya wiki mbili hivi. Maumivu makali ndani ya kiungo, ganzi inayoteremka mkononi au mguuni, kizunguzungu na kubanwa kifua si ya kawaida. Zoezi hukoma papo hapo, na kifua kikibana mtu huenda hospitali.

## Kutunza na kutupa

Adui wa mpira ni jua, joto, mafuta na chumvi. Mpira ulioachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, iwe Mombasa au Muscat, huzeeka kwa miezi badala ya miaka. Hupanguswa jasho kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, ukakaushwa kivulini, ukahifadhiwa kabatini bila kukunjwa kwa nguvu. Mafuta ya nazi na losheni za mikononi hulainisha na kuharibu mpira, hivyo mikono ioshwe kwanza. Unaonata hupakwa poda kidogo.

Ukaguzi huchukua nusu dakika kabla ya kila kipindi: mpira huvutwa kidogo kidogo mbele ya mwanga, sehemu kwa sehemu, uso ukiwa umegeuziwa pembeni. Unaoonyesha mojawapo ya haya hautumiki tena:

- ufa au mkato kwenye ukingo, hata wa milimita moja;
- nukta ndogo zinazopitisha mwanga;
- weupe au ukavu usioondoka baada ya kuoshwa;
- tabaka linalobanduka;
- kwa mrija, mlegeo penye kishikio au ndoano.

Kiraka, gundi na fundo haviurudishii uimara. Uliokwisha hukatwa vipande vifupi kabla ya kutupwa, ili mtoto asiuokote na kuutengenezea manati.